Mtoto Aliyelazwa Mawinguni

Rosdi alimpiga picha bintiye akiwa usingizini, na picha ilipotundikwa ukutani mtoto alikuwa usingizini. Wageni wote wa akika waliiona. Kwa hiyo siku Hayu alipomwambia mumewe kwamba mtoto wa kwenye picha amefumbua jicho moja, Rosdi alicheka.

"Ni kioo hicho. Mwanga wa dirishani unakuchezea."

"Dirisha limefungwa, Abang," alisema, kwa jina la heshima ambalo wake wa huko huwaita waume zao.

"Basi ni usingizi. Tangu ujifungue umelala lini?"

Hayu alimsogeza Maisara, binti yao, kifuani. Alikuwa kwenye godoro lake la uzazi, tumbo limekazwa kwa kitambaa kirefu, jiwe la moto limefungiwa majani ubavuni, na Maisara ananyonya taratibu kama mtu anayekula bila njaa. Aliitazama tena ile picha. Jicho lilikuwa wazi, si sana, kiasi cha mtu anayewasikiliza watu wanaodhani amelala.

Rosdi alikuwa anaishi kwa anga. Watu walikuja kutoka mbali kupigwa picha ufukweni Rhu Condong, maharusi hasa, lakini anga la pwani hiyo ya Terengganu halina adabu ya miadi. Bwana harusi amekodi suti, bi harusi amekaa nusu siku akipakwa poda, wanafika mchangani na juu kumetanda kijivu kama uji wa mchele uliopoa. Wakishavua nguo na kupanda gari ndipo mawingu yanapasuka, zambarau huku, moto kule, na hakuna wa kupigwa picha isipokuwa mbuzi.

Ndiyo maana Rosdi alikwenda ufukweni kila siku peke yake, kuwinda anga. Akilipata zuri alilihifadhi, na harusi ikikosa la kwake aliukata ule ukijivu akapachika moja la akiba. Wapiga picha wengine wa mjini walinunua anga mtandaoni, bi harusi wa Marang akasimama chini ya mawingu ya Norwe, na Rosdi aliwatukana bila kumung'unya maneno. Anga zake zote zilikuwa za ufukwe ule ule.

"Mke ni wako, bahari ni hii hii, anga ni la hapa hapa ila la siku nyingine," alikuwa akimwambia mteja. "Sasa nimekudanganya nini?"

Lililo bora kuliko yote alilipata mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa, mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikiwa zinakaribia. Wingu jeusi lilikuwa limelala juu ya bahari kama ubao, na chini yake kukafunguka umanjano ambao haukubaki juu. Ulishuka. Mchanga ukawa wa manjano, makuti yakawa ya manjano, mikono yake mwenyewe ikawa kama imetoka kutwanga binzari. Kijiji kizima kilikuwa kinaita watoto ndani, kwa kumwogopa Mambang, jini wa machweo ya manjano. Wanawake walinyakua nguo kwenye kamba bila kuzikunja. Mak Su Kelesum, shangazi yake Hayu, aliyewahi kuwa mkunga wa kijiji, alitoa kichwa dirishani.

"Di, ingia ndani! Hiyo ni saa ya Mambang."

"Mwambie anisubiri, Mak Su, nabadilisha lenzi."

"Utaniambia mwenyewe siku moja nani alimsubiri nani," alisema mama yule, akafunga dirisha.

Katikati ya umanjano ule palikuwa na mbonyeo wa mwanga, mviringo, hauna wingu, kama alama inayoachwa na kichwa kwenye mto. Rosdi alilipiga picha anga lile mpaka likazimika. Kisha akalipachika nyuma ya maharusi chungu nzima, na hakuna hata mmoja aliyepatwa na lolote. Walizaa, waligombana, walinunua pikipiki kama watu wengine.

Maisara alipozaliwa, mtindo wa mjini ulikuwa kumlaza mtoto mchanga mawinguni. Rosdi alimpiga picha binti yake amejikunja ndani ya blanketi jeupe, akamkata kwa uangalifu ukingo hadi ukingo, akamlaza kwenye ule mbonyeo. Mtoto alitosha. Hakulazimika kusogeza kitu wala kupaka kivuli. Mwanga ulimwangukia shavuni upande unaotakiwa, kana kwamba alipigwa picha huko huko juu. Aliituma kwenye kundi la familia la simu, ndugu wakamwaga mioyo na dua. Akaichapa kubwa, akaitia fremu, akaitundika juu ya godoro la mkewe.

Jioni ile ile Hayu aligundua weupe wa macho ya mtoto si mweupe.

Watoto wengi wachanga hupata manjano, hilo kila mtu anajua. Waliambiwa hivyo hospitali ya wilaya, na mtoto akawekwa chini ya taa za buluu, manjano yakapungua, wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Magharibi walipokuwa wamekaa kula, Hayu alifunua kifua cha mtoto akaacha kula. Rangi ilikuwa imerudi, imeenea mpaka kitovuni. Asubuhi ilikuwa afadhali. Magharibi ikaenea tena, ikapita kitovu. Nesi Rokiah wa zahanati ya kijiji aliyekuja kumpima alikunja uso.

"Maradhi hayafuati adhana, dada yangu. Nipeni siku nyingine nimwangalie."

"Na kama tukirudi hospitali?" Hayu aliuliza.

"Mrudi leo hii. Ila nasikia maji yameshafika barabarani."

Maji hayakufika barabarani tu, yalikuwa yameibeba. Mvua ya msimu iliingia kwa kishindo, mto ukafurika, daraja likazama, na boti za uokoaji zikawa zinahudumia vijiji vya bondeni ambako watu walikuwa juu ya mapaa. Rosdi alipiga simu mpaka sauti ikakauka. Aliwafokea watu wasio na kosa. Kila aliyepokea alimwambia asubiri, wakiweza watakuja.

Katika kusubiri huko Hayu aliona jambo la pili, na safari hii hakulisema haraka. Alimwita mumewe, akamshika mkono, akamwonyesha ukuta.

"Usicheke, Abang. Tazama anga."

Rosdi alitazama. Anga lake alilijua kuliko uso wake. Lile la ukutani lilikuwa linapauka. Wingu jeusi lilikuwa pale pale, lakini umanjano ulikuwa umepungua ukawa kama maziwa yaliyotiwa maji, na ndani ya mbonyeo mtoto alikuwa amefumbua macho yote mawili. Akageuka kumtazama Maisara godoroni. Rangi aliyoitafuta ukutani ilikuwa pale, kwenye nyayo za binti yake.

Rosdi hakuwa mtu wa kukaa kufikiri. Aling'oa fremu, akaivunjia gotini, akaichukua picha mpaka jikoni na kuwasha kiberiti. Moto uliponusa tu pembe ya karatasi, Maisara alipiga ukelele chumbani, ukelele ambao mtoto wa siku chache hana nguvu ya kuutoa. Hayu naye akapiga kelele. "Zima! Zima, anaungua!" Rosdi aliuzima kwa kiganja kitupu. Aliporudi chumbani, mkewe alikuwa ameufunua mguu wa mtoto, na kwenye kisigino kulikuwa na lengelenge jekundu lililotuna.

Akaitundika picha tena kwa msumari bila fremu, kisha akatoka kwenye mvua kwenda kumwita Mak Su Kelesum.

Mama yule aliingia ameloa, hakusalimia, akamchukua mtoto akamnusa utosini. Kisha akaisogelea picha, akaikagua.

"Nani alimlaza hapo?"

"Mimi."

"Wewe una akili, Di?"

"Maharusi wangapi nimewapachika anga hili, Mak Su? Mbona wao wazima?"

"Maharusi uliwasimamisha nje ya mlango wa Mambang, wakapigwa picha wakaenda zao. Huyu umemlaza kitandani kwake. Wewe ukikuta mtoto kitandani kwako, amelazwa vizuri, amefunikwa, utasemaje? Utasema umeletewa."

"Mimi nilipachika picha tu."

"Na mimi natamka maneno tu. Mbona umenifuata?"

Rosdi alikaa chini, akauinamia mkono wake ulioungua.

Mak Su alifanya alichokijua. Alipika wali wa kunata wa manjano, akakaanga bisi za mpunga, akachemsha yai, akafukiza ubani, na jioni mvua ilipopumua akaviweka kizingitini mwa dirisha lililofungwa, upande wa nje, akisoma kwa sauti ya chini. Walikaa watatu chumbani na mtoto katikati. Adhana ya Magharibi ilipoanza, harufu ya ubani ilikatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, ikaja nyingine, ya mchanga wa moto unapodondokewa na matone ya kwanza. Kisha kukawa na kitu ubaoni. Hakikugonga. Kilipapasa. Kiganja kipana kilikuwa kinapita juu ya mbao za dirisha, polepole, kutoka chini kwenda juu, kutoka juu kwenda chini, kama kipofu anayetafuta kitasa cha nyumba ambayo ana hakika ni ya kwake.

"Kinakula?" Hayu alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu."

Mpapaso ule ulikoma adhana ilipokwisha na weusi ulipoingia. Asubuhi Mak Su alifungua dirisha. Chakula kilikuwepo chote, punje haikuguswa, lakini wali ulikuwa wa kijivu kama haukuwahi kuona binzari. Alipasua yai. Kiini kilikuwa cheupe.

"Amekula rangi akaacha chakula," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu mzee. "Sitakuficha, Di. Huyu hafukuzwi. Hajavamia nyumba ya mtu, anafuata alichopewa. Leo au kesho mtoto huyu atakuwa hana rangi nyingine zaidi ya hiyo, na hapo atakuwa wa huko."

"Nimtoe kwenye picha, basi. Namkata sasa hivi."

"Ukitoa mtu kitandani kwa mtu ukaacha patupu, mwenyewe atakuja kuuliza, na ataingia mpaka huku. Pasiwe patupu hata kwa kupepesa jicho."

"Aingie nani?"

Mak Su alifunga sanduku lake la ubani.

"Mimi," alisema Hayu. "Mimi ndiye nilimzaa."

"Wewe ndiye unamnyonyesha," Rosdi alimkatiza. "Usilete upuuzi."

"Upuuzi ni kupiga picha Magharibi kama mtu asiye na kwao! Uliambiwa! Kijiji kizima kilikuambia!"

"Niliambiwa. Ndiyo maana nasema si wewe."

Hayu alimrushia kanga iliyokuwa begani, kisha akalia, na Rosdi akaiokota akaikunja vizuri akaiweka kando ya godoro. Kisha Rosdi aliinuka. Alikwenda chumba cha kazi akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akajilaza sakafuni juu ya shuka jeupe, akajikunja magoti kifuani kama alivyokuwa amejikunja binti yake, kamera ikajipiga yenyewe. Akajikata kwenye kompyuta ukingo hadi ukingo. Ilimchukua asubuhi yote na mchana, maana hakuwahi kumkata mtu vizuri hivyo.

Alasiri mvua ilikoma. Upepo ukafa. Kutoka madirishani watu wa Rhu Condong waliliona wingu jeusi limejilaza juu ya bahari kama ubao, wakaanza kuita watoto.

Rosdi alileta kompyuta chumbani akaiweka juu ya kigoda, mbele ya mkewe. Alibusu utosi wa Maisara. Mtoto alikuwa halii tena wala hanyonyi. Ngozi yake yote, mpaka ndani ya viganja, ilikuwa ya manjano, na macho yake yaliyokuwa wazi yalitazama mbali kupita dari.

"Hayu."

"Sema."

"Picha ya ukutani usiishushe. Usiichome, usiiweke majini. Umeona ilivyokuwa."

"Nimeona."

"Na umwambie Maisara sikuwa mjinga. Mwambie nilikuwa mbishi."

"Utamwambia mwenyewe."

Adhana ikaanza. Mianya ya mbao za dirisha ikaingiwa na mwanga, mistari mistari, ikapita juu ya godoro na juu ya kigoda, na kila ilipogusa pakawa pa manjano. Kiganja kikawa kimeshafika ubaoni. Rosdi alilifungua lile anga kwenye kioo cha kompyuta, akajishusha humo juu ya picha ya mtoto wake, na hakutosha, mabega yake mapana yalizidi ule mbonyeo na miguu ikaingia kwenye wingu jeusi, basi akaanza kujipunguza, akajipunguza kidogo na bado bega likazidi, akajipunguza tena huku mpapaso wa dirishani ukiongeza kasi na viganja vikiwa sasa viwili, kisha vingi, vinapanda ukutani na kushuka, na Mak Su amemkumbatia mtoto anasoma mpaka sauti yake ikawa pumzi tupu, na ile harufu ya mchanga wa moto imejaa vifuani mwao wasiweze hata kukohoa, na Hayu, aliyekuwa ameapa kwamba hatatazama, akatazama, akamwona mumewe kwenye kioo amekuwa mdogo, mdogo kiasi cha mtoto mchanga, amejikunja ndani ya alama ile ya kichwa kwenye mto, ametosha, na akamwona yule mumewe wa godoroni pembeni yake, mkubwa, mwenye jasho shingoni, akibonyeza kwa kidole kilichoungua, safu ya chini yenye picha ya mtoto ikafutika na Maisara akatoka pale mawinguni kama aliyechotwa.

Mpapaso ukakoma.

Maisara akapiga chafya. Kisha akalia, kilio cha kawaida, cha njaa, na Mak Su akamweka mapajani pa mama yake, na Hayu akamshika kwa mikono yote miwili akamfungulia kifua. Rangi ilikuwa inamtoka mtoto usoni kama maji yanayokauka juu ya jiwe.

"Abang, ananyonya," alisema. "Tazama, ananyonya."

Mbele ya kigoda palikuwa na shuka lililobonyea, lenye joto la mtu. Kompyuta ilikuwa inawaka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na komeo liko mahali pake.

Mak Su ndiye aliyeinua macho ukutani. Hayu hakuhitaji, alijua kwa jinsi mama yule alivyojifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio.

Maji ya mafuriko yalipopungua, polisi walikuja, wakatembea ufukweni na kuandika kwamba mpiga picha amechukuliwa na mawimbi akiwa kazini. Hayu hakuwabishia. Angewaambia nini? Wapiga picha wa mjini, wale aliowatukana Rosdi, walileta mchele na mafuta, na mmoja wao alisimama chini ya ile picha akasema kwa heshima kwamba hakujua marehemu alikuwa na mzaha wa namna hiyo, mtu mzima kujilaza kama mtoto. Umanjano wa anga ulikuwa umerudi wote. Rosdi alikuwa amelala ubavu, amefumba macho.

Maisara alinenepa. Nesi Rokiah alimweka kwenye mizani akatabasamu, akamfinya paja. "Huyu sasa ni mtu," alisema. "Yale manjano tuyasahau."

Mak Su alihamia pale nyumbani. Ni yeye aliyefunga madirisha kila jioni, na ni yeye aliyemwonya Hayu kwa maneno makavu, wakimenya vitunguu.

"Atakuita. Si lazima awe yeye, na si lazima asiwe yeye. Mimi mwenyewe sijui, na asikudanganye mtu kwamba anajua. Ila usifungue."

"Nitamjua mume wangu."

"Ndiyo maana nakwambia usifungue."

Aliita jioni ya mwisho ya siku za uzazi, Mak Su akiwa jikoni. Anga lilikuwa limekwisha kuwa la binzari na Hayu alikuwa ameketi na mtoto mapajani.

"Hayu." Ilikuwa sauti yake, na ule ukali wake mdogo wa mtu aliyewekwa nje. "Hayu, fungua kidogo. Mvua imenilowesha mpaka mfukoni."

Hayu alisimama na mtoto. Miguu ilimpeleka mpaka dirishani, akageuka, akauegemeza mgongo wake ubaoni kwa nguvu zote.

"Najua uko hapo. Nakusikia unapumua. Mkono unaniuma, nitie maji ya chumvi tu, nitaondoka. Hayu? Umekasirika bado? Nimekubali, nilikuwa mbishi. Nimekubali. Fungua nimwone hata mara moja."

Kiganja kilipita ubaoni, polepole, kikasimama nyuma ya bega lake. Alihisi joto lake kupitia mbao. Alilia bila kutoa sauti, maana akiitoa ingekuwa ya kuitika.

Mtoto aligeuza shingo kuitafuta ile sauti. Alikuwa hajawahi kucheka tangu azaliwe. Hayu akambana kifuani kwa viwiko, akamziba masikio yote mawili kwa viganja vyake, akakaza, lakini Maisara alikuwa ameshasikia, na alikuwa anautazama mwanya wa dirisha juu ya bega la mama yake, anarusha miguu, anatabasamu na ufizi wote nje.